Nafsi ya Kwanza na Jicho la Mtazamaji: Nguvu za Mwanamke Mweusi katika Chapa za Elizabeth Catlett

1.0 Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili, tasnifu nyingi zinazomchunguza mwanamke katika fasihi huanza kwa kuwagawa wahusika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wale waliosawiriwa vibaya: kahaba, mjinga, mchawi, mke asiye na kauli. Fungu la pili ni la wale waliosawiriwa vyema: mama mvumilivu, mfanyakazi hodari, mpiganaji, mlezi wa taifa. Mtahiniwa huhesabu, hulinganisha, kisha hutoa hukumu kwamba mwandishi fulani anamtetea mwanamke na mwingine anamdunisha. Utaratibu huu una manufaa yake. Umetusaidia kuitambua taasubi ya kiume hata pale ilipojificha nyuma ya mapambo ya lugha. Hata hivyo, una kasoro moja ya kimsingi, nayo ni kuchukulia kwamba sifa ni kinyume cha dharau.

Makala haya yanaihoji dhana hiyo. Tunashikilia kwamba mwanamke anaweza kusifiwa na papo hapo akafanywa kitu. Anayeitwa ua anafanywa kitu cha kunuswa; anayeitwa lulu anafanywa kitu cha kumilikiwa; na anayeitwa nguzo, ingawa jina hilo lina heshima, anafanywa kitu cha kuegemewa. Swali basi ni hili: sanaa inayozisifu nguvu za mwanamke Mweusi hufanyaje ili sifa hiyo isije ikamrudisha katika hali ile ile ya kuwa chombo?

Tutalijibu swali hilo kwa kuuchunguza mfululizo wa chapa 15 ambazo mchongaji na mchoraji Elizabeth Catlett alizitengeneza nchini Meksiko katika miaka ya 1946 na 1947. Mfululizo huo uliitwa The Negro Woman na baadaye ukajulikana kama The Black Woman. Msomaji wa jarida la fasihi huenda akajiuliza kwa nini tuache riwaya na tamthilia na kuingia katika sanaa za ufundi. Sababu ni kwamba anwani za chapa hizo si majina ya kawaida. Ni sentensi na vipande vya sentensi vinavyofuatana, na zikisomwa kwa mpango wake zinakuwa matini moja inayosemwa na mtu mmoja. Catlett aliiandika kazi yake kama alivyoichora, na hivyo ni halali kwa mhakiki wa fasihi kuisoma.

2.0 Mtu na Kitu

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa na mwanafalsafa yeyote kwamba mtu anaweza kufanywa kitu. Sarufi ya lugha yake inamwonyesha. Mtu akiitwa "kijitu", hupoteza nafasi yake katika ngeli ya M-WA. Hatusemi tena "amekuja" bali "kimekuja". Mwanamke akiitwa "janajike", anakuwa "lile" na "limekuja". Katika mabadiliko hayo ya kiambishi hakuna tusi lolote lililoongezwa kuhusu tabia au sura yake. Kilichotendeka ni kwamba msemaji amemwondoa katika jamii ya wanaoweza kujibu. Ndiyo maana tunapozungumzia kumfanya mwanamke kitu hatuzungumzii ubaya wa picha peke yake. Tunazungumzia nafasi anayopewa katika sentensi: je, yeye ndiye kiima au ni yambwa daima?

Historia ya mwanamke Mweusi katika macho ya Ulaya ina mfano mmoja ambao hauwezi kupitwa. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa London mwaka wa 1810 na kuonyeshwa kwa malipo mbele ya umma kwa sababu ya umbo la mwili wake. Mwaka wa 1814 alipelekwa Paris, na huko akafariki mwishoni mwa mwaka wa 1815. Mwanasayansi Georges Cuvier aliupasua mwili wake, na sehemu zake pamoja na mifupa zikahifadhiwa na kuonyeshwa katika makumbusho ya Ufaransa hadi katika miaka ya 1970. Alizikwa Hankey, katika Rasi ya Mashariki, tarehe 9 Agosti 2002. Inafaa kukumbuka kwamba waliomwonyesha walimwita Venus, yaani jina la mungu wa uzuri. Jina la sifa lilikwenda sambamba na kizimba.

Wananadharia wa karne ya 20 wamelijadili suala la kutazama kwa mapana. John Berger, katika Ways of Seeing (1972), alieleza jinsi uchoraji wa Ulaya ulivyomzoeza mwanamke kujiona kwa jicho la mwanamume anayemtazama. Laura Mulvey (1975) aliupeleka mjadala huo katika filamu. Hata hivyo, nadharia hizo zilimchukua mwanamke wa Kizungu kuwa ndiye mwanamke. Ilimlazimu bell hooks, katika Black Looks (1992), kukumbusha kwamba kwa watu Weusi tendo lenyewe la kutazama lilikuwa limekatazwa, na mtumwa aliweza kuadhibiwa kwa kumkazia bwana wake macho. Kwa hiyo mtu Mweusi anayetazama tayari anapinga. Hoja hii tutaihitaji hapo baadaye.

3.0 Msanii na Mazingira Yake

Elizabeth Catlett alizaliwa Washington mwaka wa 1915 na akafariki Cuernavaca, Meksiko, mwaka wa 2012. Alikubaliwa kwanza na chuo cha Carnegie mjini Pittsburgh, lakini akakataliwa ilipogunduliwa kwamba ni Mweusi. Alisoma badala yake katika Chuo Kikuu cha Howard, akahitimu mwaka wa 1935. Mwaka wa 1940 alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa, ambako wanafunzi Weusi hawakuruhusiwa kulala katika mabweni. Mwalimu wake huko, mchoraji Grant Wood, aliwashauri wanafunzi wake wasawiri kile wanachokijua zaidi. Catlett alichagua kuchonga mama Mweusi na mtoto wake katika jiwe la chokaa, na sanamu hiyo ikapata tuzo ya kwanza katika maonyesho ya sanaa za watu Weusi yaliyofanyika Chicago mwaka huo huo.

Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dillard mjini New Orleans. Maonyesho ya Picasso yalipofika mjini humo, jumba la makumbusho lilikuwa ndani ya bustani ambayo watu Weusi hawakuruhusiwa kuikanyaga. Catlett alipanga wanafunzi wake wapelekwe kwa basi hadi mlangoni. Kisha, huko Harlem, alifundisha katika Shule ya George Washington Carver, shule ya jioni ya watu wazima, ambayo wengi wa wanafunzi wake walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Ruzuku ya wakfu wa Julius Rosenwald ndiyo iliyomwezesha kuuanza mfululizo tunaoujadili na kwenda Meksiko mwaka wa 1946.

Huko alijiunga na Taller de Gráfica Popular, karakana ya pamoja iliyoanzishwa mwaka wa 1937 na Leopoldo Méndez na wenzake. Wanachama wake walitengeneza chapa za bei nafuu kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi, shule na wananchi wa kawaida. Nyenzo yao kuu ilikuwa linoliamu: msanii huchonga bamba, hulipaka wino, kisha hulibandika juu ya karatasi. Sehemu iliyochongwa hubaki nyeupe, na ile isiyoguswa hutoka nyeusi. Chapa moja huweza kutolewa nakala nyingi. Kwa hiyo hata kabla ya kuitazama picha, tunajua kwamba fani hii haikukusudia kutengeneza kitu kimoja cha thamani ambacho tajiri angekinunua na kukificha. Ilikusudiwa kusambaa.

Siasa hizo zilimgharimu. Alichukua uraia wa Meksiko mwaka wa 1962, na serikali ya Marekani ikamzuia kuingia nchini alikozaliwa kwa takribani muongo mzima. Alipoandaliwa maonyesho katika jumba la Studio Museum huko Harlem mwaka wa 1971, ilibidi akubaliwe viza kwanza. Alirudishiwa uraia wa Marekani mwaka wa 2002.

4.0 Mfululizo kama Matini

4.1 Kiima cha Sentensi

Anwani ya chapa ya kwanza ni tamko la utambulisho: msemaji anasema yeye ni nani. Picha inayoambatana nayo ni uso wa mwanamke uliojaza karatasi karibu yote. Hakuna mwili. Kwa mtazamaji aliyezoea kuuona mwili wa mwanamke Mweusi kwanza na uso wake baadaye, au asiuone kabisa, uamuzi huo wa fani una uzito. Macho ya mwanamke huyo hayatuelekei. Yanatazama pembeni, kama ya mtu mwenye jambo lake analolifikiri. Hatuombi radhi wala hatualiki.

Tangu hapo, nafsi ya kwanza umoja inatawala. Kama tungezitafsiri anwani hizo kwa Kiswahili, kiambishi "ni-" kingejirudia kutoka mwanzo hadi mwisho: nilifanya, nilitoa, nilipigana, nilisoma. Jambo hili linabadilisha uhusiano kati ya picha na mtazamaji. Picha isiyo na sauti hutuachia sisi kazi ya kueleza tunachokiona, na anayeeleza ndiye mwenye mamlaka. Hapa maelezo yametolewa tayari na yule anayetazamwa. Mtazamaji anageuka kuwa msikilizaji, na nafasi yake katika sentensi inakuwa ya nafsi ya pili.

4.2 Kazi kabla ya Ushujaa

Baada ya utambulisho inafuata kazi. Msemaji anasema kwamba siku zote amefanya kazi kwa bidii katika Marekani. Kisha anataja mashamba, halafu nyumba za watu wengine. Mpangilio huu haukuja kwa bahati. Catlett angeweza kuanza na mashujaa wanaojulikana, kama wafanyavyo watungaji wengi wa tenzi za kusifu. Badala yake anaanza na mkulima na mtumishi wa nyumbani, watu wasio na majina.

Katika chapa ya tano msemaji anadai kwamba ameupa ulimwengu nyimbo zake. Mwanamke anashika gitaa, lakini nyuma yake kuna vitendo vya ukatili dhidi ya watu Weusi. Mtazamaji hawezi kuufurahia muziki bila ya kuuona ukatili huo. Huu ni upinzani mahususi dhidi ya aina moja ya kufanywa chombo ambayo mara nyingi huvaa joho la mapenzi: kumthamini mwanamke Mweusi kwa sababu anaimba vizuri, huku yale anayoyaimba yakipuuzwa.

4.3 Mashujaa Katikati

Chapa ya sita, ya saba na ya nane ndizo zinazowataja watu wa historia: Sojourner Truth, Harriet Tubman na Phillis Wheatley. Wa kwanza alizaliwa utumwani katika jimbo la New York, akawa mhubiri na mtetezi wa haki za watu Weusi na za wanawake, akafa mwaka wa 1883. Wa pili aliwatorosha watumwa kutoka kusini, akafa mwaka wa 1913. Wa tatu alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston, na diwani yake ikachapishwa London mwaka wa 1773.

Muundo wa sentensi za chapa hizi unastahili kuangaliwa kwa makini. Msemaji hasemi kwamba Harriet Tubman aliwaokoa watu. Anasema kwamba yeye mwenyewe, ndani ya Tubman, aliwaokoa. "Mimi" ya mkulima asiye na jina inaingia katika shujaa mwenye jina, na shujaa anakuwa umbo mojawapo la mkulima. Kwa njia hiyo Catlett anakwepa mtego wa utenzi wa kishujaa, ambamo shujaa huinuliwa hadi akatengwa na watu wake. Aidha, mashujaa hawa hawako mwisho wa mfululizo kama kilele. Wako katikati, na baada yao maisha yanaendelea: kuwaunganisha wafanyakazi wasio na vyama, kusoma, kubaguliwa.

Chapa iliyo katikati hasa, ya nane kati ya 15, ni ile ya Wheatley. Mshairi ameketi na kalamu yake mkononi, na nyuma yake wanaonekana wanawake waliofungwa minyororo. Mtu angeweza kuisoma picha hii kama sifa ya akili iliyoshinda utumwa. Lakini minyororo haikuondolewa, na mshairi hakuonyeshwa akiwaacha wenzake. Uandishi umewekwa kama kazi nyingine miongoni mwa kazi, inayofanywa katika hali ile ile ya wengine.

Kuhusu Sojourner Truth kuna jambo la kihistoria linaloithibitisha hoja yetu. Katika miaka ya 1860 alipigwa picha nyingi akiwa amevaa nguo za heshima, akaziuza picha hizo mwenyewe ili zimpatie riziki. Alijua thamani ya kuimiliki sura yake mwenyewe, yeye ambaye aliwahi kuuzwa mzima. Catlett, kwa kumpa nafasi katika mfululizo unaosemwa kwa nafsi ya kwanza, anaiendeleza kazi ambayo Truth aliianza.

4.4 Chapa Isiyo na Mwanamke

Kuanzia chapa ya 11 sauti inabadilika. Msemaji anayataja malipo aliyoyapata kwa kazi yake yote: vizuizi vinavyomtenga na wengine, viti vyake maalumu katika basi, nyumba zake maalumu. Neno lenye maana ya "maalumu" linatumiwa kwa kejeli kali, maana umaalumu huo ni wa ubaguzi. Katika chapa ya vizuizi, uso unaonekana nyuma ya waya wa miiba.

Kisha inakuja chapa ya 14, ambayo kwa maoni yetu ndiyo nguzo ya hoja nzima. Msemaji anataja hofu yake maalumu kwa ajili ya wale awapendao. Picha inaonyesha mwanamume Mweusi aliyelala chini akiwa ameuawa, kamba shingoni, na juu yake miguu ya watu waliosimama. Mwanamke hayumo. Katika mfululizo unaoitwa kwa jina lake, hii ni chapa ambayo yeye haonekani hata kidogo.

Mhakiki anayehesabu taswira chanya na hasi hana la kusema hapa, kwa sababu hakuna taswira ya kuhesabu. Lakini mwanamke yumo katika anwani. Yumo katika kimilikishi: hofu yangu, wapendwa wangu. Sisi tunakitazama kile anachokitazama yeye. Tumesimama alikosimama na tumelazimika kuyatumia macho yake. Baada ya chapa 13 za kutazamwa, ametoka upande wa kinachoonekana na kuingia upande wa anayeona. Tukiikumbuka hoja ya bell hooks kuhusu kutazama kulikokatazwa, tutatambua ukubwa wa hatua hii. Nguvu za mwanamke huyu hazionyeshwi hapa kwa misuli wala kwa uvumilivu. Zinaonyeshwa kwa kuwa anaogopa na anasema kwamba anaogopa. Ni nafsi pekee inayoweza kuogopa, kitu hakiogopi.

Chapa ya 15 inaurudisha uso. Msemaji anadai haki yake ya kuwa na mustakabali wa usawa na Wamarekani wengine. Neno analolitumia ni haki. Hajaiomba, wala hajasema kwamba ameistahili kwa sababu ya kazi na mateso aliyoyaorodhesha.

5.0 Mipaka ya Kusifu Nguvu

Haitakuwa uhakiki wa haki tukiishia kwa kumsifu Catlett. Kuna pingamizi ambalo ni lazima likabiliwe. Michele Wallace, katika kitabu chake Black Macho and the Myth of the Superwoman (1979), alidai kwamba imani kuhusu mwanamke Mweusi mwenye nguvu zisizo za kawaida ni hadithi iliyomdhuru. Anayeaminiwa kwamba hachoki hapumzishwi. Anayeaminiwa kwamba haumii hapewi pole. Mtumwa wa kike alipelekwa shambani sawa na mwanamume kwa sababu ilisemwa kwamba ana nguvu. Kizazi baada ya kizazi amesifiwa kwa nguvu hizo hizo na wale wanaofaidika nazo. Je, sanaa ya Catlett haiendelezi hadithi hiyo?

Jibu letu ni kwamba kazi zake hazina kiwango kimoja katika jambo hili. Tulinganishe mbili. Katika chapa maarufu ya Sharecropper (1952), anasawiriwa mwanamke mzee mkulima wa aina ya wale waliolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba, huku wakibaki na madeni. Tunamtazama kutoka chini kwenda juu. Kofia pana ya nyasi imeuzunguka uso wake, na mistari myembamba iliyochongwa inafuata mifupa ya mashavu na shingo. Vazi lake limefungwa kwa pini. Pini hiyo ndogo ina kazi kubwa. Inatueleza kwamba kifungo kilikatika na hakikununuliwa kingine, na kwamba mwenye vazi alijisitiri kwa alichokuwa nacho. Heshima aliyopewa kwa pembe ya kutazamia haikuuficha umaskini wake, wala umaskini haukuiondoa heshima. Huyu ni mtu mmoja mwenye nguo yake na shida yake.

Kwa upande mwingine, sanamu ya mti wa mwerezi iitwayo Homage to My Young Black Sisters (1968) inaonyesha umbo la mwanamke aliyeinua ngumi, uso ukielekea juu. Umbo limerahisishwa hadi alama za mtu binafsi zimetoweka. Kama wito wa mapambano katika mwaka ule wa misukosuko, sanamu hii ina mvuto usiokanika. Lakini kwa vigezo tulivyoviweka, imekaribia kuwa nembo, na nembo haina hofu wala pini. Hatusemi kwamba ni kazi dhaifu kiufundi. Tunasema kwamba nguvu zinazosifiwa humo hazina mwenyewe, na kwamba sifa isiyo na mwenyewe ni rahisi kwa yeyote kuichukua na kuitumia.

Betye Saar aliukabili mtego huo kwa njia nyingine. Katika The Liberation of Aunt Jemima (1972) alimchukua kikaragosi wa yaya Mweusi, mnene na mchangamfu, aliyekuwa akitumiwa kuuza unga wa chapati za Kimarekani, akamtia ndani ya kisanduku na kumpa ufagio mkono mmoja na bunduki mkono mwingine. Saar hakutengeneza picha nzuri ili kuipinga ile mbaya. Alikichukua kitu chenyewe kilichomdhalilisha mwanamke, akakilazimisha kitende. Wenye bidhaa hiyo walitangaza kuliacha jina hilo mwaka wa 2020, miaka 48 baada ya kazi ya Saar. Kinachomtofautisha na Catlett ni kwamba Saar anapigana na picha iliyopo, ilhali Catlett anaanza na msemaji. Njia zote mbili zinahitajika, ila ya pili ndiyo inayotufaa zaidi sisi wahakiki wa matini, kwa kuwa inatupa maswali ya kuuliza.

6.0 Funzo kwa Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Maswali hayo ni matatu. Nani kiima cha sentensi? Nguvu zinazosifiwa zinamfaa nani? Je, mwanamke anayesifiwa anaruhusiwa kuogopa, kuchoka na kukosea? Tukiyaleta maswali haya katika fasihi yetu, baadhi ya hukumu tulizozizoea zitabadilika.

Mfano wa kwanza ni Utendi wa Mwana Kupona (1858). Katika tasnifu za mafungu mawili, utendi huu huwekwa katika fungu la kwanza bila ya kusita, kwa kuwa mama anamwusia binti yake amtii mume. Hatukani kwamba maudhui hayo yapo. Lakini ni nani anayesema? Ni mwanamke mgonjwa anayemwita mwanawe aje na wino na karatasi, anayetoa wosia kwa nafsi yake, na anayeijua njaa ya dunia kiasi cha kumfundisha binti namna ya kuishi humo. Usia wake ni wa utiifu, ilhali nafasi aliyojipa katika sentensi ni ya mamlaka. Mvutano huo kati ya maudhui na sauti ndio unaoupa utendi uhai wake, nao hupotea mara tu tunapoutia katika fungu moja.

Mfano wa pili ni tamthilia ya Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo inayobeba jina la mama, nao hawafanikiwi. Wahakiki kadhaa wamelihuzunikia tokeo hilo wakidai kwamba mwandishi amewanyima wanawake ushindi. Sisi tunaona vingine. Wahusika wameitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu na kuendelea. Nguzo ndiyo iliyopewa jina tukufu, na wanaoibeba wamepewa nambari. Haiwezekani kuisimamisha nguvu ya jumla ilhali wanaotakiwa kuisimamisha wana shida za ndani ya nyumba ambazo hakuna anayezisikiliza. Muhando anaikosoa sifa yenyewe. Anatuonyesha kwamba kumwita mwanamke nguzo kabla ya kumwuliza hali yake ni kumwongezea mzigo. Kwa hiyo nguzo isiyosimama si udhaifu wa tamthilia. Ndiyo hoja yake.

Hata Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ambayo imezua ubishi usiokwisha kuhusu kama Rosa amesawiriwa vyema au vibaya, ingefaidika kwa kusomwa upya. Pengine swali la wema na ubaya wa Rosa limetuzuia kuuliza ni wapi katika riwaya hiyo tunaona kwa macho yake, na ni wapi tunamwona tu.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sanaa inayozisifu nguvu za mwanamke Mweusi haimwepushi na kufanywa kitu kwa sababu tu inasifu. Catlett anafaulu katika mfululizo wake kwa kumfanya mwanamke kuwa msemaji, kwa kuitanguliza kazi ya wasio na majina, kwa kuwaweka mashujaa ndani ya "mimi" ya wote, na kwa kumpa mwanamke haki ya kutazama na kuogopa. Anapoiacha njia hiyo na kuelekea kwenye nembo, hata yeye anapungukiwa.

Kazi za Catlett sasa zimo katika majumba makubwa ya sanaa. Maonyesho makubwa ya kazi zake yalifunguliwa katika Brooklyn Museum mwaka wa 2024, kisha yakapelekwa mwaka wa 2025 katika jumba la taifa la sanaa huko Washington, mji aliozaliwa wakati wa ubaguzi. Ni heshima anayostahili. Lakini chapa zilizokusudiwa kusambaa kwa bei ya mfanyakazi zimekuwa vitu vya thamani vinavyolindwa, na hatari ya mwanamke wa Sharecropper kuwa pambo la ukutani ipo. Kinachomkinga ni ile pini yake, kwa mtazamaji atakayeiona.

Kwa wanafunzi wetu wa uzamili tunapendekeza jambo moja la kiutendaji. Kabla ya kuandika kwamba mhusika fulani wa kike amesawiriwa kama mwenye nguvu, mtafiti aandike kwanza orodha ya sentensi ambazo mhusika huyo ndiye kiima, na ya zile ambazo yeye ni yambwa. Orodha hizo mbili ziwekwe katika sura ya uchanganuzi, nayo hukumu isubiri hadi zitakapokamilika.